Wewe ni Taifa Gani?

Mara ya kwanza kuulizwa swali hili nilikuwa Mombasa, Mji wa Kale, barazani kwa babu yake rafiki yangu. Kahawa imeshamiminwa, tende ziko katikati, mzee ananitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Mwanangu, weye ni taifa gani?" Nikajibu bila wasiwasi: Mtanzania, babu. Mzee akacheka mpaka kikombe kikamtikisika mkononi. "Hiyo ni nchi. Mimi nimekuuliza taifa."

Kumbe kwa wenyeji wa pale, mji ule mmoja una mataifa kumi na mawili! Wenyewe huyaita Thenashara Taifa. Kuna Tatu Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Halafu kuna Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Hebu yasikilize majina hayo, ndugu msomaji. Mengi ni ya miji. Pate na Faza ziko kule visiwani upande wa Lamu, na Mtwapa ya kale imebaki magofu. Watu walihama, wakafika Mombasa, na mji walioutoka wakaendelea kuubeba katika jina la taifa lao. Tatu Taifa walikuwa na kiongozi wao, Tisa Taifa nao walikuwa na wao. Aliyetaka kuitawala Mombasa, awe Mmazrui au Mbusaidi, ilimbidi akae nao kitako kwanza. Akiudhi upande mmoja, mpinzani wake ameshapata mlango wa kuingilia.

Nilirudi Dar neno hilo likinisumbua. Taifa, ambalo mimi nililijua kwa Taifa Stars na mitihani ya taifa, linawezaje kuwa mtaa na ukoo? Nikaanza kulifuatilia, na kadiri nilivyozidi kwenda nyuma ndivyo nilivyozidi kumpa haki mzee. Kwa Kiarabu, neno hili ni kundi tu, fungu la watu ndani ya watu wengi zaidi. Mzizi wake ndio ule wa kutufu, kuizunguka Kaaba. Mimi huwa nawaza kwamba taifa ni watu wanaozunguka kitu kimoja, lakini hiyo ni tafsiri yangu ya kijiweni, wanavyuoni wanisamehe.

Mahali neno hili lilipopata jina baya ni Andalusi, Uhispania ya Waislamu. Ukhalifa wa Córdoba ulianza kubomoka mwaka 1009, na mwaka 1031 wakubwa wa mji wakaufuta kabisa. Kila mwenye nguvu akajikatia kipande chake. Seville ikachukuliwa na familia ya kadhi wa mji, Granada na Waberiberi waliotoka Afrika Kaskazini, Denia na Almería na watu waliowahi kuwa watumwa wa majumba ya kifalme. Wanahistoria wakawaita muluk al-tawaif, wafalme wa mataifa. Msidhani ni sifa hiyo. Maana yake ni wafalme wa vipande.

Lakini sisi tunaotaka kuandika tuna sababu ya kutowadharau. Kila kifalme kilitaka kumzidi jirani yake, na mojawapo ya silaha ilikuwa mshairi. Ibn Zaydun alitoka Córdoba, akaishia kuwa waziri huko Seville. Mshairi mwenye kipaji aliweza kuhama kama mchezaji wa mpira anayetafutwa na timu mbili. Si kwamba palikuwa peponi: Seville hiyohiyo ndiyo iliyochoma moto vitabu vya Ibn Hazm, mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa zama zile. Mkono mmoja unalipa, mwingine unawasha kiberiti.

Na dhahabu ikawa inatoka. Wafalme hawa walilipa kodi kwa wafalme Wakristo wa kaskazini ili waachwe walale salama, na juu yake wakaendelea kupigana wao kwa wao. Mwaka 1085 Alfonso wa Sita akaitwaa Toledo. Al-Mu'tamid, mfalme wa Seville na yeye mwenyewe mshairi, akaona hatari imefika mlangoni, akamwita Yusuf ibn Tashfin kutoka Moroko. Inasimuliwa kwamba alisema ni heri achunge ngamia Afrika kuliko nguruwe Castile. Yusuf alikuja, akashinda vita vya Zallaqa mwaka 1086, akarudi kwake. Aliporudi tena Andalusi, akaanza kuzimeza taifa zile moja moja. Seville ikaanguka mwaka 1091. Al-Mu'tamid alichukuliwa mateka mpaka Aghmat, kusini mwa Moroko, akafia huko mwaka 1095. Mashairi aliyotunga kifungoni ndiyo wengi wanayoyahesabu kuwa bora kuliko yote aliyotunga akiwa na taji.

Mpaka leo Mhispania akikwambia chama fulani ni ufalme wa taifa, ujue kila bosi ana himaya yake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Lebanon mambo ni mazito zaidi. Huko taifa ni dhehebu, na yanayotambuliwa na dola ni 18. Rais huwa Mmaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia. Wakapigana kuanzia 1975 hadi 1990, na mapatano ya mwaka 1989 yalifanyika katika mji wa Taif, Saudia, ambao jina lake lina mzizi uleule! Viti vya bunge vikagawanywa nusu kwa nusu kati ya Waislamu na Wakristo, huku ikiandikwa kwamba lengo ni kuufuta mgawanyo huo siku moja. Ukiutaja utaifa mbele ya mtu wa Beirut, atasikia ugonjwa. Sisi tunautaja kama dawa.

Kwetu, neno lilipandishwa cheo. Kamusi za wakati wa ukoloni zilikuwa bado zinachanganya taifa na kabila. Siasa za uhuru ndizo zilizoyatenganisha: kabila likashushwa, taifa likainuliwa. Ukabila ukawa aibu, utaifa fahari. Mwaka 1963 likaundwa Jeshi la Kujenga Taifa, kana kwamba taifa ni nyumba inayosubiri tofali. Mwaka 1967 mabenki yakataifishwa. Wale wa Andalusi walifanya taifa kwa kugawana. Sisi tulitaifisha kwa kukusanya. Na vijana wote tumeambiwa, kwenye kila risala na kila mahafali, kwamba sisi ni taifa la kesho. Sijasikia bado anayetutaja katika la leo.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena barazani kwa yule mzee. Nikamwuliza rafiki yangu ni taifa gani. Kwa baba Mtangana, akasema, kwa mama Mjomvu, na sasa anaposa binti wa Kikamba kutoka Makueni. Nikauliza, je, watoto wao watakuwa taifa gani?

Mzee akajimiminia kahawa nyingine.

"Hilo," akasema, "watatwambia wenyewe."