Kajiado: Mji wa Reli ya Magadi

Jina Kajiado limetokana na maneno ya Kimaasai, Olkeju Ado, yaani mto mrefu. Wamaasai walichunga ng'ombe katika mbuga hizi vizazi vingi kabla ya reli kufika.

Mwaka 1911 iliundwa Kampuni ya Magadi Soda ili kuvuna magadi ya ziwa lililo chini katika Bonde la Ufa. Mwaka huohuo, mkataba wa kikoloni uliwaondoa Wamaasai Laikipia na kuwaleta kusini. Reli ya upana wa mita 1 ilijengwa kutoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa, ikapita hapa na kufika Magadi mwaka 1915. Urefu wake ni takriban kilomita 146.

Shehena yake unaijua kutoka jikoni: ni yale magadi meupe ya kulainishia maharagwe na mboga. Viwandani hutengenezewa kioo na sabuni.

Mji huu wa stesheni ukawa makao makuu ya wilaya, na leo kaunti nzima, pamoja na Matasia na Kitengela, inaitwa kwa jina lake.

Tafadhali usitembee juu ya reli wala using'oe chuma chake. Ni urithi wetu sote.