Mlango, Ukuta na Njia: Usemi wa Wanafunzi Nje ya Darasa

Historia ya vyuo imezoea kuandikwa kwa kuhesabu majengo, vyeti na wakuu waliotangulia. Njia, baraza na viwanja, ambamo mwanafunzi hupita akitoka kipindini kwenda kula au kulala, huachwa nje ya kumbukumbu. Hata hivyo humo ndimo mengi ya maisha ya chuo hutendeka, mema na mabaya.

Sisi Walutheri twapaswa kulielewa jambo hili. Mapokeo yasema kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alibandika hoja zake 95 katika mlango wa kanisa la Wittenberg, mahali palipotumiwa kwa matangazo ya chuo kikuu. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya kubandikwa huko. Lakini hoja zenyewe zilibeba jina lake, na aliyetaka kumjibu alijua pa kumpata.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichohamia Mlimani mwaka 1964, kimeonja usemi wenye jina na usio na jina. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi aliyetoka Kenya, alitoa barua ya wazi kuukosoa uongozi wa chuo. Julai mwaka huo polisi walimkamata papo hapo chuoni, wenzake wakiona. Aliyesema ndiye aliyelipa.

Katika kuta za chuo kile kile alikuwapo pia "Mzee Punch": maandishi na michoro isiyo na mwenyewe, iliyobandikwa wapitapo watu. Ilijidai kuwa sauti ya ukosoaji, ikaishia kuwaandama wanafunzi wenyewe, hasa wanawake. Aliyeandamwa alitengwa, na aliyemkaribia alihofia kupatwa na yayo hayo. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuteswa kwa namna hiyo. Hapo alilipa asiyesema neno.

Waandishi wa kuta zile walikuwa wachache; waliosoma wakacheka, au wakanyamaza na kwenda zao, walikuwa wengi. Mchungaji hawezi kuisoma habari hii bila kumkumbuka kuhani na Mlawi katika njia ya Yeriko, waliopita kando.

Katika nchi ya Wasukuma, ambamo Sapiwi ya Bariadi imo, wazee waliwafunza vijana shikome, penye moto wa uani wakati wa jioni. Hapo nako ni nje, pasipo dawati wala kengele; lakini moto ulimulika uso wa kila msemaji, na mzee aliweza kumrudi kijana aliyemwonea mwenziwe.

Leo ukuta umehamia katika simu, na wasio na majina wameongezeka. Kwa hiyo mlezi wa wanafunzi asitosheke na mimbari na darasa. Na atembee barazani, aketi chini ya mti wanapoketi, ajue ni nani anayetembea peke yake, kisha aandamane naye mbele ya macho ya watu wote.