Wapiga dawa wa malaria, saratani ya taya na sisi Wazanzibari



Juzi nilikaa barazani Jaws Corner na wazee wangu, kikombe cha kahawa mkononi, mazungumzo yakaangukia wapiga dawa wa malaria. Waliokuwa watoto kabla ya Mapinduzi wanawakumbuka vizuri: wanaume wenye mabomba mgongoni wakiingia nyumba baada ya nyumba, vyombo vimetolewa uani, kuta zinapigwa DDT. Kampeni ile iliyosaidiwa na Shirika la Afya Duniani ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikasimamishwa 1968. Wazee wanaikumbuka kwa harufu. Mimi nataka niwaeleze jambo ambalo hakuna pale barazani aliyelijua: mabomba yale yaliiingiza Zanzibar katika historia ya utafiti wa saratani.

Tuanzie Kampala. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Baada ya wiki chache, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine hivyo hivyo. Akafukua mafaili, akagundua kwamba ni saratani moja, na 1958 akaichapisha. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Burkitt alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni, lakini aliona mbali. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza: mmeuona uvimbe huu? Kisha Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford wakashuka kusini kupitia Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wiki kumi, karibu kilomita 16,000. Ramani waliyoichora ilikuwa kama mkanda uliozunguka Afrika ya joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi, hakuna. Jangwani, hakuna.

Sasa tazama hapa. Unguja na Pemba ni visiwa vya joto na mvua, viko usawa wa bahari, kwa kila hesabu vilipaswa kuwa ndani ya mkanda ule. Lakini ugonjwa huku ulikuwa haba sana. Kwa nini? Jibu lililotolewa miaka ile ya 1960 na watafiti kama Gilbert Dalldorf na Burkitt mwenyewe ni kwamba visiwani malaria ilikuwa imepigwa vita. Mkanda wa saratani ulikuwa pia mkanda wa malaria kali.

Wakati huo huo London walikuwa na jibu lao. Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia huko Machi 1961, akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona virusi ndani ya seli zile, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Lakini virusi vya Epstein-Barr vimo katika zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani. Mimi ninavyo, wewe unavyo, na watoto wa Darajani wanavipata wakiwa wadogo kabisa. Kama ni virusi peke yake, sote tungeumwa!

Kipande kilichokosekana kilipatikana 1982, ndani ya kromosomu. Katika seli hizi kipande cha kromosomu nambari 8 hukatika, mara nyingi kikaenda kujiunga na nambari 14. Kwenye kipande hicho kuna jeni iitwayo MYC, msimamizi anayewasha na kuzima jeni nyingine nyingi. Mahali papya inakaa jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizi hazilali, basi na MYC nayo hailali. Malaria inaingia hapo: inazisukuma seli za kinga zigawanyike bila kupumzika, na kimeng'enya kinachozikata jeni za kingamwili ili kuziboresha kinafanya kazi kupita kiasi, siku moja kinakata pasipotakiwa. Mwaka 2015 watafiti waliuonyesha mchakato huo kwa panya.

Lakini seli yenye MYC iliyochachamaa kwa kawaida hujiua. Nani anaizuia? Hapa ndipo wanapoingia wadogo wa hadithi hii, maikroRNA. Chukua mfano wa fundi wa milango: mchoro wa asili unakaa kabatini (hiyo ndiyo DNA), fundi anapewa nakala (RNA). MaikroRNA ni kikaratasi cha herufi kama 22 kinachobandikwa juu ya nakala, fundi asiweze kuisoma. Mwaka 2004 Sébastien Pfeffer, Thomas Tuschl na wenzao walizikuta maikroRNA za virusi kwa mara ya kwanza, tena ndani ya seli za limfoma ya Burkitt. Virusi vya Epstein-Barr vinabandika vikaratasi vyao, na baadhi vinafunika maagizo ya seli kujiua. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba MYC nayo inawasha kundi la maikroRNA za mwili wetu wenyewe, miR-17-92, na kundi hilo pia linasaidia kuufunga mlango wa kifo cha seli. Msimamizi na vikaratasi wamekula njama.

Turudi nyumbani. Katika mlolongo huu wote, virusi hatuviwezi, chanjo yake bado. Kromosomu kukatika hatukuoni. Kiungo pekee tulichoweza kukikata ni malaria, na tulikikata kwa mabomba ya mgongoni. Mwaka 1968 tukasimama, na malaria ikarudi kwa kishindo. Ilibidi tuanze upya, na kwa dawa mseto tangu 2003, vyandarua na upuliziaji wa majumbani tangu 2006, maambukizi yakashuka chini ya asilimia moja. Hata hivyo mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 wagonjwa waliongezeka tena, tukakumbushwa.

Na jambo la mwisho, tafadhali mlichukue. Saratani hii hukua haraka mno, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, lakini ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri zaidi ikiwahiwa. Mtoto akivimba taya au tumbo, usimalize wiki tatu ukisema ni jino. Mpeleke hospitali leo.

Nawasilisha.