Nanjala Nyabola na Neno Lililokosekana

Mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, nilikuwa kwenye foleni moja Nairobi nikihoji watu kwa ajili ya habari. Mama mmoja, muuza mboga, akaniuliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza: "Mwanangu, hizi alama za vidole wakishazichukua, zinakuwa za nani?"

Nikaanza kujibu. Nikasema data, nikasema sistimu, nikasema privasi. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtoto aliyesahau shairi mbele ya wageni, kisha akarudi kwenye foleni yake. Swali lilikuwa la Kiswahili safi kabisa. Jibu ndilo lililokosa lugha, na mimi hiyo lugha ndiyo inayonilisha.

Tangu siku hiyo nimeifuatilia kazi ya Nanjala Nyabola kwa jicho lingine.

Wengi wanamfahamu kwa kitabu chake cha 2018, *Digital Democracy, Analogue Politics*, kuhusu jinsi intaneti ilivyobadilisha siasa za Kenya. Lakini huyu si mtu wa kompyuta. Alianzia Birmingham kwenye taaluma za Afrika na sayansi ya siasa, akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, halafu akasoma sheria Harvard. Pale Oxford, moja ya mambo aliyosomea ni uhamaji wa kulazimishwa: wakimbizi, kwa ufupi. Wanaoandika wasifu wake huipita hiyo haraka. Mimi naona ndiyo inayoeleza mengi.

Kwa sababu mkimbizi ndiye huonjeshwa kwanza. Dadaab na Kakuma watu walikuwa wakiweka vidole kwenye mashine ili wapate chakula miaka mingi kabla sisi wa mjini hatujaambiwa tupange foleni. Na wako Wakenya wa kaskazini mashariki ambao ukame uliwasukuma kujiandikisha kama wakimbizi, maana kambini ndiko kulikokuwa na mgao. Walipokuja kuomba kitambulisho, mashine ikawakana: vidole vyao vilishasema wao ni wageni. Mtu amezaliwa hapa, baba yake amezikwa hapa, lakini kompyuta haimtambui. Umelimaliza tatizo la njaa mwaka mmoja, umelipokea la uraia kwa miaka mingi. Ukishayajua haya, huwezi tena kuizungumzia teknolojia kama vile ni mvua, inamnyeshea kila mtu sawasawa.

Kitabu chenyewe hakikati tamaa wala hakishangilii. Kinarudi kwenye machafuko baada ya uchaguzi wa 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja na vijana wachache wakaunda Ushahidi, mwanzoni mwa 2008, ili wananchi waripoti wenyewe walichokiona. Kinawaheshimu wanawake waliopata mtandaoni nafasi waliyonyimwa kwenye vyama. Halafu kinatufikisha 2017. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia kwenye tume ya uchaguzi, anauawa siku chache kabla ya kura; tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu inafuta uchaguzi wa urais, na nchi nzima, hadi kwenye matatu, inabishana kuhusu seva. Tulinunua mashine tukidhani tunanunua uaminifu. Huo ndio msumari wa kitabu, na bado unachoma.

Kasoro yake? Kiko kwa Kiingereza. Yule mama hatakisoma.

Nadhani Nyabola mwenyewe aliliona hilo, maana baadaye alifanya kazi ambayo kwa maoni yangu inakizidi kitabu. Aliongoza mradi wa kutafuta maneno ya Kiswahili ya haki za kidijitali, na maneno hayo yakatolewa kwenye kadi, kama zile za watoto wa chekechea. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu uprofesa. Lakini hebu tazama: Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, kwa Kiingereza, wakati mamilioni walikuwa wameshatoa vidole vyao miezi kadhaa kabla. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema ukusanyaji wa DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS unakiuka Katiba, na mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha. Hukumu nzuri. Nayo kwa Kiingereza.

Wenzetu Tanzania sheria yao ya 2022 wameiita ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu wa kawaida akilisikia jina hilo anajua kinacholindwa ni chake. Sisi huku shuleni tulikaririshwa tarakilishi na kipakatalishi, maneno ya kujibia mtihani, tukitoka darasani tunasema kompyuta. Neno la kubuni peke yake halitoshi. Mengine tulikuwa nayo siku zote. Nyumba za Waswahili wa pwani zimejengwa kwa kujua mgeni anaishia wapi: huyu barazani, yule ndani, na hakuna anayeona mwenye nyumba anaficha uovu. Hiyo ni faragha, haikuletwa na Ulaya.

Na ridhaa je? Bibi harusi huulizwa ridhaa yake kabla ya ndoa kufungwa. Kila mtu mtaani anajua kwamba aliyetishwa hajaridhia, hata akiitikia.

Daftari langu la siku ile bado ninalo. Swali la yule mama nimeliandika lote, na chini yake kuna neno moja la Kiingereza, nimelipigia mstari, na alama ya kuuliza.