Mizani, Redio na Simu ya Mkononi

Walimu wasaidizi, tafadhalini hakikisheni kila mtu anasikia. Walio nyuma wasogee karibu na redio.

Leo katika historia tutazungumza juu ya vyombo. Sisemi vyombo vya kupikia. Nasema mitambo inayoingia katika biashara na katika masomo ikiwa migeni, kisha baada ya miaka michache watu wakaizoea. Wengi wenu mnayo simu mfukoni sasa hivi. Basi nataka tujiulize swali moja: chombo kipya kinapokuja, nani hufaidika, na nani hupunjwa?

Tuanze na mizani. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, nchi yetu hii ya Mara ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa, na pamba ndiyo iliyokuwa fedha ya mkulima. Mkulima alibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi. Mnunuzi aliipima, akataja ratili, akalipa. Mkulima alisimama tu akitazama. Namba zilikuwapo pale kwenye mizani, lakini kwa mtu asiyejua tarakimu zilikuwa kama mikwaruzo ya kuku. Wakulima walilalamika sana kwamba wanaibiwa uzito. Mwisho wakafanya jambo la akili. Waliweka watu wao wenyewe, wanaojua hesabu, wasimame penye mizani na kuangalia. Mmoja wa viongozi wa harakati hizo alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Mizani ilikuwa ile ile ya jana. Ila sasa upande wa mkulima alisimama mtu aliyeweza kuisoma. Kumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa redio. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Baada ya uhuru, serikali iliona kwamba watu wazima wengi hawajui kusoma: mwaka 1967, katika kila watu wazima kumi, karibu saba walikuwa hawajui. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Ziwa Magharibi na Mara yetu. Vitabu vyake vilihusu kazi za watu. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, na mvuvi kwa maneno ya uvuvi. Kisha tarehe 31 Desemba 1969 Rais Nyerere alisema na taifa, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wa Butiama wanajua kwamba yeye mwenyewe alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, alipokwenda Mwisenge hapa Musoma. Hakuwa mtu wa kudharau anayechelewa kuanza.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walishiriki. Walikaa kwa vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi yake. Matangazo yakiisha, hawakuondoka. Walizungumza, wakaamua, kesho yake wakachukua majembe wakachimba vyoo. Kufika mwaka 1977 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi watu kama 27 katika kila 100.

Hapa nitatoka njiani kidogo niwasimulie jambo ambalo wengi hawalijui. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu ilizopewa ziliharibika, hasara ikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wakisikia hivi hucheka. Mimi sicheki sana. Mtambo ulikuwa ghali, na watu wetu waliojua kuuendesha walikuwa wachache mno. Lakini naona marufuku ile nayo ilikuwa na gharama yake, maana huwezi kupata mafundi wa chombo ambacho hakimo nchini. Ililegezwa pole pole miaka iliyofuata. Linganisheni wenyewe: miaka ile ile, redio ilifaulu na kompyuta ikashindwa. Redio ilikuwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi.

Basi tufike kwenye simu. Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994, lakini kwa miaka mingi zilikuwa za wakubwa mjini. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa, na Aprili 2008 Vodacom ikaileta kwetu. Kabla ya hapo, kijana wa Mwanza aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Butiama alimpa dereva wa basi bahasha, akaomba Mungu. Mwanzoni huduma hiyo ilikwenda polepole, kwa sababu mawakala walikuwa wachache, tena wakala asiye na fedha taslimu hawezi kukulipa hata kama simu inasema unazo. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni zilikubaliana mteja wa mtandao mmoja atume fedha kwa wa mtandao mwingine, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia.

Leo mfanyabiashara wa dagaa hapa Musoma hupiga picha mzigo wake ukiwa umeanikwa, akaituma kwa simu kwa mteja wa mbali. Mteja hulipa kwa simu, gunia linapanda basi. Wazee wetu wa biashara walikuwa na mali kauli: mzigo kwanza, fedha baadaye, kwa kuaminiana. Sasa mara nyingi ni fedha kwanza, mzigo baadaye, na mnunuzi hajui hata sura ya muuzaji. Imani ni ile ile inayotakiwa, lakini hatari imehamia upande wa mnunuzi.

Wezi nao wamejifunza. Mimi mwenyewe, pamoja na stashahada yangu ya chuo kikuu, nilipata ujumbe uliosema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Siku hiyo nilikuwa kweli nataka kumlipa mwenye nyumba. Nikatuma shilingi 80,000 bila kupiga simu kuuliza. Hazikurudi. Serikali ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa, lakini ujumbe wa namna hiyo bado unakuja.

Nimemwona mama mmoja Bunda akimpa wakala simu yake pamoja na namba ya siri, kwa kuwa hawezi kusoma salio. Wakala yule alikuwa mwaminifu. Lakini mama alisimama vile vile alivyosimama babu yake mbele ya mizani ya pamba. Aliponiona naangalia, akasema, "Mwanangu, nitafanyaje?" Juma lililofuata alikuja darasani. Sasa anasoma tarakimu zote, na maneno mafupi.

Kwa upande wa masomo, mtakumbuka shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa ajili ya korona. Vipindi vya masomo vilitangazwa kwa redio na televisheni. Watoto wenye simu kubwa na intaneti walisoma kwa simu, lakini vijijini wengi hawakuwa nazo, na redio ya zamani ikarudi kazini.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja alete ujumbe mmoja wa fedha uliomo katika simu yake. Asionyeshe namba ya siri kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu. Someni katika vikundi: nani ametuma, kiasi gani, makato ni shilingi ngapi, na salio ni kiasi gani. Anayejua amsaidie asiyejua, lakini kila mtu asome mwenyewe kwa sauti. Kwa herini.