Shule ya Freeman: Chumba Kimoja na Kesi Moja

Katika tambarare za jimbo la Nebraska nchini Marekani, karibu na mji wa Beatrice, lipo jengo dogo la matofali lililojengwa mwaka 1872, ambalo kwa miaka 95 lilikuwa shule ya chumba kimoja, na leo limehifadhiwa kama makumbusho kwa jina la Shule ya Freeman. Shule hiyo ilizaliwa na Sheria ya Makazi ya mwaka 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 za ardhi ya serikali kwa sharti la kuishi juu yake na kuilima kwa miaka 5. Ardhi ya eneo hilo wenyeji wake, Waotoe na Wamissouria, walikuwa wameitoa kwa mkataba.

Katika shule za aina hii mwalimu mmoja alifundisha watoto wa rika zote, akiita kundi moja mbele kujibu masomo kwa sauti huku wengine wakiandika kimya, na katika majira ya theluji aliyekaa kando ya jiko la chuma alitoka jasho ilhali aliyekaa dirishani alitetemeka. Kwa kuwa jengo jingine la umma halikuwapo jirani, humo humo watu walisali na kupiga kura, na si ajabu basi kwamba humo humo pia waligombana.

Mwaka 1899 Daniel Freeman, mmoja wa walowezi wa kwanza kunufaika na Sheria ya Makazi (ingawa inaaminika shule ilipewa jina la Freeman mwingine, mfyatua matofali), alipinga kitendo cha mwalimu wa shule hiyo kuwasomea watoto Biblia na kuwaongoza katika sala. Kamati ya shule, yaani wakazi waliochaguliwa kuisimamia, ilimwunga mkono mwalimu, na mahakama ya wilaya ikafanya vivyo hivyo. Lakini mwaka 1902 Mahakama ya Juu ya Nebraska iliamua kwamba ibada hiyo ilikiuka katiba ya jimbo, ingawa mwaka uliofuata ilifafanua kuwa Biblia yenyewe haikupigwa marufuku shuleni. Makumbusho ya namna hii kwa kawaida husifiwa kwa utulivu wa maisha ya kale, sifa isiyolitosha jengo lililozaa kesi nzito kiasi hicho. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia uamuzi unaofanana na ule wa Nebraska mwaka 1963, miaka 4 kabla shule haijafungwa.