Dohani za Uingereza na Hatari ya Moshi Uliopoa

Mwashi wa Uingereza wa karne ya 18 alipojenga dohani, hakuyaacha matofali wazi kwa ndani. Aliyapiga lipu ya chokaa na mchanga iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kinyesi kiliifanya lipu isipasuke upesi kila moto ulipowashwa na kuzimwa. Bitana hiyo nyembamba ndiyo iliyotenganisha moshi na vyumba vya kulala. Moto wenyewe uliwaka wazi, katika meko ya ukutani kama yale yaliyobaki katika nyumba za enzi ya ukoloni kule Limuru na Lushoto, na sehemu kubwa ya joto lake ilipotelea angani. Hasara hiyo ilikuwa na faida yake: hewa nyingi ya moto iliyopanda iliikausha dohani kila siku.

Bei ya dohani hizo ililipwa na watoto. Njia ya moshi, mara nyingi yenye upana wa sentimita 23 kwa 36 au hata 23 kwa 23, ilipinda huku na huku ndani ya ukuta, na masizi yalikwanguliwa na wavulana waliopanda kwa magoti na viwiko. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alieleza saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wafagiaji wa dohani, akaihusisha na masizi. Mwaka 1788 Bunge lilikataza kuwachukua watoto wa chini ya miaka 8 kuwa wanagenzi wa kazi hiyo. Mwaka 1840 likakataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda dohani. Sheria zikapuuzwa, ingawa brashi ndefu za Joseph Glass zilikuwepo tangu 1828. Februari 1875 mtoto George Brewster alinasa katika dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge, akafa. Mwajiri wake alifungwa, na mwaka huohuo mwanasiasa Lord Shaftesbury akafanikisha sheria iliyomlazimu kila mfagiaji kuwa na leseni kutoka polisi. Miaka 87 ilikuwa imepita tangu sheria ya kwanza. Hakuna hesabu ya kuuhalalisha ucheleweshaji huo.

Katika miaka hiyo moto nao ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alishauri meko yapunguzwe kina na koo la dohani libanwe, ili joto zaidi libaki chumbani. Karne ya 20 ilikwenda mbali zaidi kwa majiko ya chuma yenye milango, na baadaye mitambo ya gesi. Joto lililookolewa chumbani lilikuwa joto lililopunguka kwenye moshi. Moshi ukapanda polepole katika dohani ileile pana, ukapoa, na mvuke wake ukageuka maji. Maji hayo, yakichanganyika na salfa ya makaa, huwa tindikali inayokula chokaa. Moshi wa kuni huacha lami inayochuruzika, inayopenya ukutani kwa madoa ya kahawia, na inayoweza kushika moto.

Baada ya ukungu wa moshi ulioua maelfu London mwezi Desemba 1952, Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliharakisha mabadiliko hayo ya majiko. Kanuni za ujenzi za 1965 kwa Uingereza na Wales zikadai dohani mpya ziwe na bomba la ndani. Mabomba mengi yalikuwa ya udongo wa kuchoma, yakipangwa mdomo mpana ukitazama juu, ili maji yateremke ndani ya bomba badala ya kuvujia kwenye matofali. Fundi aliyeyapindua aliiharibu dohani nzima.

Kwa nyumba kongwe, jibu limekuwa bomba la chuma kisichoshika kutu, linalopindika na kupita kwenye kona za zamani. Dohani hufagiwa kwanza, kisha mmoja juu ya paa huliteremsha bomba huku mwenzake chini akivuta kamba. Nafasi inayolizunguka hujazwa chembe za vemikulaiti, zinazozuia moshi kupoa njiani. Kazi hii haistahili kubanwa fedha. Dohani iliyopasuka hupitisha kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, hadi vitandani. Ndiyo maana fundi mwangalifu huijaza dohani moshi wa majaribio, akakagua kila chumba cha juu, kisha akabisha hodi kwa jirani, kwa sababu katika nyumba zilizoungana dohani mara nyingi hupita kwenye ukuta wa familia mbili.